Kurudi Mombasa na watoto: tule wapi, tutoke saa ngapi?

Mama Watatu, Leicester

Asalaam aleikum wapendwa, na wasio wa salaam hamjambo. Inshallah Agosti twashuka nyumbani familia nzima, mimi na babake watoto na hawa watatu, wa mwisho hajawahi kufika kabisa na wakubwa walienda wakiwa wadogo hawakumbuki kitu. Tutakaa mjini kidogo kabla ya kwenda kwa bibi yao Ukunda. Nataka niwapeleke kote tulikokuwa tukienda sisi, Fort Jesus, zile Pembe kubwa za barabara ya Moi, Haller Park ya wanyama, Laithausi kule baharini, na kula zile sehemu zetu. Mzee ashapanga yote kwa laptop, kila siku saa nne mpaka saa kumi, kila kitu na dakika zake. Mlioenda karibuni mwaonaje? Na ile hoteli ya biriani nyuma ya soko la Marikiti bado ipo?

Mtu wa Kuze, Toronto

Waaleikum salaam dadangu. Orodha nzuri, lakini hiyo ratiba ya mzee, anisamehe, ni ya Leicester. Saa nne mpaka saa kumi ndio wakati Mombasa yenyewe imejilaza, jua la utosi, Mji wa Kale maduka mengi yamefungwa watu wako msikitini au wanakula au wamelala, na nyinyi ndio mwazunguka na watoto wamevimba mashavu kwa joto. Agosti kuna upepo wa kusi ndio, lakini jua ni jua. Tokeni asubuhi mapema, adhuhuri rudini mlale chini ya feni, alasiri ikishaswaliwa tokeni tena mpaka usiku.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Wale kina mama wanaouza barazani huko Mji wa Kale ndio wenyewe, ukichelewa wakuta sufuria limekwanguliwa. Halafu Fort Jesus mlango ukifunguliwa tu, kabla mabasi ya watalii hayajashusha. Wakubwa wahadithie kuwa Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, kisha Waomani wakaizingira kuanzia 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani njaa na maradhi ziliwamaliza kuliko risasi. Wangu mizinga hata hawakuijali, walichoganda nacho ni ile michoro ya meli ambayo mabaharia wa Kireno waliichora ukutani, mwanangu akaniambia kumbe hata wao walikuwa wanachafua kuta. Mkitoka hapo piteni njia ya Ndia Kuu kwa miguu, taratibu, bila ya kumfuata mtu anayejileta kuwatembeza, mkifika Marikiti nunueni bizari na mrudi nyumbani.

Pembe ni dakika tano. Piga picha, vuka barabara kwa uangalifu, basi. Sisi tuliozaliwa pale hatujawahi kusimama kuzitizama. Haller Park ipeni nafasi zaidi, na iwe alasiri, mlangoni ulizeni saa ya kulisha twiga. Huyo mdogo atampenda kobe tu, lakini wakubwa waambie pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya kiwanda cha simiti, jangwa tupu, wakaanza kupanda mivinje 1971 na majani yake yakawa hayaozi, mpaka wakaleta jongoo, hawa hawa jongoo wetu, wakayala wakatengeneza udongo. Kwangu mimi hiyo yashinda hata hadithi ya Owen, yule kiboko aliyeokolewa Desemba 2004 akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee kama mamake.

Sasa kula. Hoteli yako ya biriani imeshafungwa, pale wanauza simu. Wala usihangaike kuitafuta nyingine yenye sura ile ile, biriani siku ya Ijumaa wapikiwe nyumbani na shangazi yao, haina mpinzani. Usiku mkitaka kukaa mezani nendeni Tarboush pale Makadara Road, kuku na mikate ya moto, kelele tele, watoto wakimwaga maji hakuna anayegeuka. Lakini Laithausi ndio msiikose, siku hizi yaitwa Mama Ngina Waterfront, imetengenezwa upya 2019, kuna viti na ngazi na njia nzuri za kutembea, wengine walilalamika, mimi naona afadhali. Muhogo wa kuchoma uko vile vile. Muuzaji anaupasua katikati, anapaka chumvi na pilipili ya unga kwa kipande cha ndimu, anakisugua mpaka ule ufa wote uwe mwekundu, wa mtoto mwambie mapema asitie pilipili manake mkono wake washajiendea wenyewe. Na dafu mkisha kunywa msilitupe, mrudishieni muuzaji alipasue, atachonga kijiko kwa ganda lile lile mkombe urambe. Wangu walitaka kurudi na hivyo vijiko Toronto.

Mjomba, Hamburg

Nyote mwaongea chakula tu, mimi niongeze makaratasi. Watoto wakiwa na pasi ya Uingereza peke yake, tangu Januari 2024 ni eTA, kile kibali cha kuingia Kenya kinachoombwa kwa mtandao, kila mtoto yake, na muombe kwenye tovuti ya serikali yenyewe, kuna zingine zinaiga na kuchukua pesa zaidi. Katiba ya 2010 inasema mzazi mmoja akiwa raia wa Kenya mtoto ni raia hata akizaliwa wapi, kwa hiyo mkipata nafasi wafanyieni pasi za Kenya, kwa muda mrefu ndio nafuu. Kitambulisho chako tembea nacho, mlangoni bei ya mwananchi na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Laini yako ya M-Pesa iwashe kabla hujaondoka, ikikaa miaka bila kutumika inakatwa.

Mkishukia Nairobi mkaja na treni ya SGR, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu 2024, zamani 1,000, na tiketi kateni mapema manake Agosti shule zikifungwa zinaisha. Siku ya kwenda Ukunda kama mna masanduku piteni barabara ya Dongo Kundu, hamuioni feri ya Likoni. Ila siku moja wapelekeni hao watoto Likoni wapande feri kwa miguu, wavuke na kurudi, ni bure, na hakuna watakachokumbuka kama hicho.

Mama Watatu, Leicester

Mungu awabariki. Mzee amesoma yote amenyamaza, sasa yuko na laptop anafuta. Tuktuk moja yatutosha watano?

Mtu wa Kuze, Toronto

Haiwatoshi, nyuma ni watatu. Chukueni mbili, na bei mkubaliane kabla hamjapanda.