Soketi za padi za Dreamcast zimekufa zote: rezista, fyuzi inayojirudi, au bodi nzima?

Ukwaju (mwanzilishi wa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, ya soko la Japani ambayo inawaka vizuri, inasoma diski na kuonyesha picha bila tatizo, lakini haitambui padi (kidhibiti cha kuchezea) yoyote katika soketi yoyote kati ya zile nne. Padi ni nzima, kwa kuwa nimezijaribu kwenye mashine nyingine. Tatizo lilianza baada ya padi kuchomolewa huku gemu likiendelea, na kusafisha pini kwa spiriti hakukusaidia.

Kabla sijaifungua, naomba tulinganishe njia ninazosikia zikitajwa: kubadilisha rezista (kipande kinachobana umeme) iliyoandikwa F1, kuweka mahali pake fyuzi inayojirudi yenyewe, kuunganisha waya moja kwa moja, au kutafuta bodi nyingine ya soketi. Kwa upande wa kulehemu, ninaweza kuunga nyaya za spika, si zaidi ya hapo.

FundiMkunazini

Ndugu Ukwaju, kufa kwa soketi zote nne kwa mpigo ni afadhali kuliko kufa kwa moja. Zote hupata umeme wa volti 5 kupitia njia moja, na njia hiyo hupita kwenye F1. Ingekuwa soketi moja tu imekufa, ningekuambia uangalie pini zilizopinda au lehemu iliyopasuka chini ya soketi hiyo, kwa sababu kila plagi inayoingizwa kwa nguvu huitikisa.

Mashine hii, iliyoingia sokoni Japani Novemba 1998, ina huruma kwa fundi mgeni. Soketi zimekaa kwenye bodi ndogo ya peke yake, nayo imeunganishwa na bodi kuu kwa waya bapa. Chini ya kasha kuna skrubu nne, moja ikiwa imejificha chini ya modemu, kwa hiyo modemu itoke kwanza. Chomoa waya wa umeme ukutani kabla ya yote, kwani ukiinua kifuniko utaikuta bodi ya umeme ikiwa wazi, na kapasita yake kubwa si ya kuguswa.

Halafu pima kabla ya kununua chochote. Weka mita kwenye omu, gusa ncha mbili za F1. Ikisoma karibu na omu 10, rezista ni nzima na kosa liko kwingine, pengine kwenye waya bapa. Isiposoma kitu, imekatika.

BahariKuu

Mimi ni wa fyuzi inayojirudi, na sioni sababu ya kurudisha rezista ambayo tunajua itaungua tena. Fyuzi hiyo ikipitiwa na umeme mwingi hupata joto na kuubana, kisha mashine ikizimwa na kupoa hurudi katika hali yake, na hakuna haja ya kufungua kasha tena. Nyumba yenye watoto haiwezi kuzuia padi kuchomolewa ovyo.

Kuna faida nyingine. Rezista ya omu 10 hupoteza volti 1 kwa kila miliampea 100 zinazopita. Ukichomeka padi nne zenye vitetemeshi na kadi za kumbukumbu, volti 5 zinazotoka kwenye bodi hazifiki zote kwenye padi. Fyuzi inayojirudi ina ukinzani mdogo zaidi.

FundiMkunazini

Hesabu ya BahariKuu ni sahihi, lakini amesoma upande mmoja wa daftari. Ukinzani huohuo ndio breki. Ikitokea shoti kamili kwenye soketi, volti 5 kwa omu 10 ni nusu ampea tu, haiwezi kuzidi hapo. Rezista ya robo wati itakuwa imebebeshwa wati 2.5, yaani mara kumi ya uwezo wake, hivyo itaungua na kuikata njia. Fyuzi inayojirudi, kabla haijapata joto, huachia umeme mwingi kuliko huo, na muda huo mfupi huenda ukatosha kuumiza kitu kwenye bodi kuu.

Kwa hiyo anayetaka fyuzi hiyo asiokote yoyote dukani. Achague inayovumilia takriban miliampea 250 na kukata karibu na 500. Na anayetaka rezista asidanganyike kwamba kubwa ndiyo bora. Ya wati 1 haitakatika haraka, itakaa ikiichoma bodi iliyo chini yake. Robo wati au nusu wati inatosha.

SiwaLaPate

Kuhusu waya wa moja kwa moja, naomba tusiuite njia. Mashine itafanya kazi, ndiyo, hadi siku padi yenye waya uliochunika itakapochomekwa, na siku hiyo kitakachoungua si rezista ya bei ya pipi bali njia za shaba za bodi yenyewe.

Bodi nzima ya mtumba ina maana tu ikiwa soketi zenyewe zimevunjika. Linganisha kwanza kiunganishi chake na cha mashine yako, kisha ujue kwamba betri ya saa nayo iko kwenye bodi hiyo, na katika bodi ya umri huu mara nyingi imekufa.

Ukwaju

Nashukuru sana. Nimefungua na kupima: F1 haisomi kitu kabisa, na soketi hazina shoti kati ya pini ya volti 5 na ya ardhi. Nimeamua kuweka rezista ya omu 10 ya robo wati, kwa sababu hapa kwangu tunacheza wawili tu na ile breki aliyoieleza FundiMkunazini imenishawishi. Sasa je, nikiwa nimeshaifungua bodi, niibadilishe na betri? Mashine huniuliza tarehe kila ninapoiwasha.

BahariKuu

Hongera mkuu, ingawa bado nasimama na fyuzi yangu. Betri ibadilishe sasa hivi, pasi ya kulehemu ikiwa ya moto. Iliyomo ni ya kuchajiwa, na mashine huichaji yenyewe. Usiweke CR2032 ya kawaida, ile betri ya kidonge isiyochajiwa, bila dayodi ya kuzuia chaji, kwani haikutengenezwa kuchajiwa na inaweza kuvimba au kuvuja. Lehemu kishikizi cha betri badala ya betri yenyewe, ili safari ijayo uibadilishe kwa kidole.

SiwaLaPate

Kabla hujafunga, angalia upande wa umeme wa ukutani. Mashine ya soko la Japani inataka volti 100, nasi huku tuna 230, hivyo isichomekwe bila transfoma. Na unapoijaribu, ingiza padi kwanza ndipo uwashe, soketi moja baada ya nyingine, ukizima kati ya kila moja.