Mwani wangu wa kotonii unanifia kila kaskazi: nihamie maji makubwa au nibaki na mwani wa spinosum?

BintiPaje: Asalaam alaykum. Nalima mwani Paje, Unguja, shamba la mama, aliyeanza tangu 1989 mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupandia, ilipoletwa kutoka Ufilipino. Siku hizi kaskazi ikiingia, maji yakipwa mchana ukitia mguu utadhani chai. Ncha za kotonii zinakuwa nyeupe, tawi linalainika, bamvua lijalo nakuta kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) tupu. Spinosum inavumilia, lakini bei ni kama nusu. Nasikia kuna wanaolima maji makubwa kwa neti. Kuogelea sijui. Nishaurini.

MzeeDema: Mwanangu, huo weupe ni ugonjwa. Joto linaudhoofisha mwani, vijidudu vinamalizia. Ukiuona usingoje wiki sita zitimie, vuna ulio mzima. Na mbegu usikate hapo hata kidogo.

Semeni_Mkondoni: Mimi niko maji makubwa na sirudi pwani. Neti ni mirija mirefu: mbegu unaisukumia ndani kwa bomba la plastiki, ikikua inachomoza matunduni. Bahari ikichafuka haikatiki ovyo kama ya kufunga kwa taitai. Dk. Flower Msuya na wenzake wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ndio waliozifanyia majaribio huku kwetu. Faida nyingine, hungoji maji yapwe ndipo ukafanye kazi. Ila peke yako huwezi. Chombo, nanga, neti, vyote pesa. Sisi ni kikundi cha wanawake, tunachanga. Na kuogelea ujifunze kwanza, shoga. Tumejifunza ukubwani, na madera yetu, watoto wakitucheka.

FundiSabuni: Kwa nini uhangaike? Lima spinosum, anika, saga, tengeneza sabuni uwauzie watalii.

Semeni_Mkondoni: @FundiSabuni watalii wenyewe wa msimu, na kila kijiji kina sabuni. Ni nyongeza tu hiyo.

MzeeDema: Nanga ziwe nzito. Kusi likivuma, nyepesi zinaburutwa, mtakuta shamba limejikunja lote kwenye mwamba.

BintiPaje: Shukrani. Basi kaskazi hii pwani natia spinosum tupu. @Semeni_Mkondoni, kotonii ya mbegu niliyobaki nayo mtaipokea kama mchango wa kuingilia kikundini?

Semeni_Mkondoni: Kama haina weupe, ilete. Tena iwahi, isikae juani.