Kijiji cha Eyam, ni kweli walijifungia wenyewe?

Wakuu habari zenu, nimesikia Uingereza kuna kijiji kinaitwa Eyam eti watu walijifungia enzi za tauni ili wasiambukize majirani, ni kweli ama stori za vijiweni? Na bado kuna watu wanaishi?

Jibu: Kweli kabisa mkuu, kipo Derbyshire. Septemba 1665 mshonaji alipokea vitambaa toka London, vilikuwa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akavianika karibu na moto, siku chache tu akafa, viroboto ndo wanalaumiwa. Juni 1666 mchungaji William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley wakawaomba watu wasitoke, wakakubali! Chakula kiliachwa mpakani, hela wanatumbukiza kwenye vitundu vya jiwe vilivyojaa siki, hilo jiwe lipo mpaka leo.

Jibu: Mi huwa namuwaza yule mama Elizabeth Hancock jamani, siku 8 kazika mume na watoto 6, mwenyewe kwa mikono yake. Mke wa mchungaji naye akafa Agosti. Waliokufa kijijini wote kwa pamoja wanatajwa kama 260.

Jibu: Watu wapo ndugu, nyumba zingine zina kibao nje chenye majina ya waliofia humo. Jumapili ya mwisho ya Agosti kuna ibada ya kuwakumbuka, tena visima wanavipamba kwa petali za maua zilizobandikwa moja moja kwenye udongo mbichi mpaka inatokea picha, kazi ya subira hiyo.