Nakala za mipangilio ya Ceph: /etc/ceph pekee inatosha?

mwambao_kgm: Wakuu, habari za jioni. Nina klasta ndogo ya Ceph (mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva kadhaa zinazofanya kazi pamoja) hapa Kigoma, seva tatu chumba kimoja. Data ina utaratibu wake, nauliza mipangilio tu. Nimepanga cron (kazi ya kujiendesha kwa ratiba) saa nane usiku irushe folda ya mipangilio, /etc/ceph, kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) hadi seva ya Dodoma. Inatosha?

mti_wa_embe (Tabora): Haitoshi, mkuu. Tangu toleo la Mimic la 2018, mipangilio mingi inaweza kukaa ndani ya monita zenyewe (programu zinazosimamia klasta), si kwenye faili. Fungua ceph.conf yako, usishangae kukuta fsid (kitambulisho cha klasta) na anwani za monita, basi. Kabla ya rsync, hiyo cron iendeshe amri hizi, za kutoa mipangilio, funguo, na ramani ya mgawanyo wa data:

ceph config dump > config.txt
ceph auth export -o auth.txt
ceph osd getcrushmap -o crush.bin

dada_seva: Hiyo auth.txt ndiyo funguo zote za klasta! Ifunge kwa gpg (programu ya usimbaji) kabla haijatoka Kigoma. Halafu ni heri seva ya Dodoma ndiyo ije ivute nakala, badala ya wewe kuzisukuma; mwizi akiingia kwako asiweze kufuta nakala.

mwambao_kgm: Kuvuta kungefaa, dada, ila modemu ya huku ikizimika tu inarudi na IP nyingine. Na umeme wetu mnaujua.

dada_seva: Basi sukuma, lakini Dodoma wahamishie nakala za kila siku kwenye folda ambayo akaunti yako ya ssh (unayoingilia seva yao) haiifikii.

mti_wa_embe: Na ufunguo wa kufungulia gpg usiuache humo humo chumbani mwa seva, tafadhali.