Ukumbi wa mbao kando ya msitu: nguzo zichimbiwe ardhini au ziinuliwe juu ya mawe?

Mratibu wa Ujenzi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu kinapanga kujenga ukumbi wa wazi wa watu wapatao 80, katika uwanda mdogo ulio kati ya msitu na kijito. Tumekubaliana kwamba uwe wa mbao, na makubaliano yetu yameishia hapo. Baadhi ya wajumbe wanataka magogo yachimbiwe moja kwa moja ardhini ili ukumbi uonekane kana kwamba umeota pamoja na miti, ilhali wengine wanaona kuwa zege ndiyo salama. Mimi nasumbuliwa zaidi na swali jingine: tukikata miti ili kujenga mahali pa kuwafundisha watu kuipenda miti, je, hatujidanganyi?

Seremala wa Zamani alijibu:

Nianze na nguzo, kwa kuwa nimeng'oa nyingi zilizooza. Nguzo iliyofukiwa huanza kuoza pale inapoingia udongoni, kwa sababu hapo ndipo unyevu na hewa hukutana, na kuvu inayoozesha mbao inahitaji vyote viwili. Maadamu unyevu wa mbao unabaki chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hiyo haipati nafasi. Kwa hiyo kazi yote ya mjenzi ni kuhakikisha kwamba mbao ikilowa inakauka upesi.

Wajenzi wa makanisa ya mbao ya Norwei waliyajua haya kwa kupata hasara. Makanisa yao ya mwanzo, ambayo nguzo zake zilifukiwa, yametoweka, na wanaakiolojia huyatambua kwa mashimo ya nguzo tu. Walipoanza kusimamisha nguzo juu ya boriti zilizolazwa kwenye mawe, majengo yakadumu. Kanisa la Urnes, lililojengwa katika karne ya 12 kwa kutumia tena baadhi ya mbao za kanisa lililolitangulia, lingali limesimama.

Kwa hiyo inueni vitako vya nguzo angalau sentimita 30 kutoka ardhini, kwa kuwa matone ya mvua yanayodunda huchafua na kulowesha sehemu hiyo, na msisahau kwamba mchwa akilazimika kupanda juu ya jiwe hujenga njia ya udongo ambayo mwangalizi ataiona. Upenu uwe mpana kuliko mnavyodhani unatosha. Ncha za boriti zisiachwe wazi mvuani, kwa sababu ncha iliyokatwa hunywa maji haraka mara nyingi kuliko ubavu wa ubao. Rangi na vanishi zije baada ya hayo yote. Nimeona vanishi ghali ikifungia maji ndani ya mbao badala ya kuyazuia nje.

Mpima Miti alijibu:

Kuhusu kujidanganya, swali ni la haki na linahitaji hesabu. Meta moja ya ujazo ya mbao yenye uzito mkavu wa kilo 500 ina takriban kilo 250 za kaboni, ambayo ni sawa na takriban kilo 900 za hewa ya ukaa zilizoondolewa angani mti ulipokuwa ukikua. Hewa hiyo hubaki imefungwa maadamu mbao haijaungua wala kuoza. Ikiwa mti ulichukua miaka 60 kufikia unene wa boriti, nanyi mkajenga ukumbi unaooza baada ya miaka 15, mmekopa msituni bila kulipa. Ndiyo maana ushauri wa Seremala kuhusu upenu ni ushauri wa mazingira pia, hata kama yeye hakuuita hivyo.

Ulizeni mbao imetoka wapi. Alama ya Baraza la Usimamizi wa Misitu, FSC, lililoanzishwa mwaka 1993, husaidia kufuatilia mbao kutoka msituni hadi kwa mnunuzi, lakini haisemi lolote kuhusu ubora wa mchoro wenu. Kuhusu dawa, epukeni mbao zilizotiwa mchanganyiko wa kromi, shaba na arseniki mahali ambapo watoto watakaa na kushika. Mbao hizo hazifai kuchomwa wala kusagwa kuwa matandazo zinapochakaa, hivyo mtakuwa mmewaachia wajukuu taka.

Msanifu Mpweke alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila nadhani wote wamepita haraka juu ya jambo moja: namna mbao zitakavyofika mahali penyewe. Njia ya lori na kreni inaweza kuharibu msitu kuliko ukumbi wenyewe. Kanisa dogo la Thorncrown katika jimbo la Arkansas, Marekani, lililosanifiwa na E. Fay Jones na kukamilika mwaka 1980, lilijengwa kwa vipande vya mbao ambavyo watu wawili waliweza kuvibeba kupita katikati ya miti. Sharti hilo ndilo lililozaa uzuri wake, kwa sababu vipande vyembamba vinavyopishana juu ya vichwa vya watu vinafanana na matawi bila kuigiza gogo lolote. Wajumbe wenu wanaotaka ukumbi uonekane umeota hapo wangeridhika na wazo hilo kuliko na magogo yaliyofukiwa.

Tahadhari moja: boriti nene huungua polepole, takriban milimita 0.7 kwa dakika kwa mbao laini, na kaa linalojitokeza hukinga kiini. Vipande vyembamba havina akiba hiyo, kwa hiyo milango ya kutokea iwe mingi na jiko liwe mbali.

Mratibu wa Ujenzi aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nitapendekeza mawe, upenu mpana na vipande vinavyobebeka. Limebaki moja: sakafu iwe ya mbao au udongo ulioshindiliwa?

Seremala wa Zamani alijibu:

Kwa kuwa mko karibu na kijito, iwe ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi ya milimita chache kati ya ubao na ubao, na muiache hewa ipite chini yake. Tumieni skurubu badala ya misumari, ili ubao mmoja ukiharibika ufunguliwe peke yake.