Kijana wa mita 1.93, mguu mkubwa: achukue buti namba ngapi la Kilimanjaro?

MamaG_Moshi
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa wanaojua vifaa vya mlima. Mwanangu ana miaka 16, na likizo ya Desemba shule yao inapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku sita, ikiwemo moja ya kuzoea hewa pale kituo cha Horombo. Ana urefu wa mita 1.93 na kilo 78. Shida ni mguu. Viatu vya shule anavaa 46 na vinambana vidoleni. Orodha tuliyopewa imeandika "buti za mlima zisizopitisha maji", basi, hakuna zaidi.

Nimeuliza kwa wakodishaji wawili: mmoja anaishia 45, mwingine 46. Soko la Memorial nimeona mtumba wa ngozi umeandikwa 13, unaonekana mpya kabisa, soli haijalika hata kidogo. Hiyo 13 ni 47 au 48? Ninunue kubwa zaidi kwa kuwa bado anakua? Na likibana kidogo, fundi anaweza kulipanua? Kama kuna jambo lingine la kuangalia kwa mtoto mrefu hivi, naomba mnisaidie.

Mteremko_Mandara
Mama G, umefanya vizuri kuuliza mapema. Wengi huuliza wakiwa wamebakiza siku mbili.

Namba ya kiatu iweke pembeni kwanza, tunahitaji sentimita. Mpime jioni akiwa ameshinda kwenye shughuli, maana asubuhi mguu huwa haujavimba. Tandika karatasi sakafuni iguse ukuta. Asimame juu yake na soksi zile zile atakazopandia, kisigino kiguse ukuta, uzito wote auweke kwenye mguu huo. Simamisha kitabu kigumu mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba), piga mstari, pima. Fanya miguu yote miwili, kisha nunua kwa kuufuata ule mkubwa.

Namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Hesabu ya haraka: urefu wa mguu kwa sentimita, jumlisha 1.5, zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 30 unatoa 47 na kidogo. Hiyo ni ya kiatu cha kutembelea mjini. Kwa buti la mlima panda nusu namba hadi namba moja, kwa hiyo hapo tunazungumzia 48.

Nafasi hiyo ni kwa ajili ya kushuka. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na siku ile ile ya kufika kileleni wanateremka mpaka Horombo, mita 3,720. Ni zaidi ya mita 2,100 za mteremko kwa siku moja, tena baada ya kukesha wakipanda. Kila hatua mguu unasogea mbele ndani ya buti. Kidole kikigonga ncha mfululizo, damu inavilia chini ya ukucha, ukucha unakuwa mweusi na wiki chache baadaye unang'oka. Na kijana mzito anasukuma mbele kwa nguvu zaidi.

Kubana kuna hatari nyingine kubwa kuliko kucha. Usiku wa kwenda kileleni baridi inaweza kushuka nyuzi 10 chini ya sifuri na kuzidi hapo. Buti likibana, damu haifiki vizuri vidoleni na vinaanza kufa ganzi. Ndiyo maana kulundika soksi mbili nzito ndani ya buti lililopimwa kwa soksi moja ni kosa: mtu anatafuta joto, anapata ganzi. Soksi moja nyembamba ndani, moja nene ya sufu juu yake, na buti lijaribiwe na jozi hiyo hiyo.

Kuhusu 13, inategemea ni ya nchi gani. 13 ya Marekani ni kama 12 ya Uingereza, nayo huwa 47 au 47 na nusu. 13 ya Uingereza huwa 48 na kuendelea. Fungua ulimi wa buti, ndani kuna kibandiko chenye UK, US, EU na mara nyingi CM. Hiyo ya CM ndiyo ya kuifuata kuliko zote. Mguu wa 30 utafutie 30.5 au 31.

Kibo_Jnr
Mimi naona achukue 49 tu aweke soli mbili za ndani. Dogo bado anakua, mwakani atavaa tena.

Mteremko_Mandara
Hapana mkuu, hapo anaumia. Buti likizidi urefu, sehemu ya kukunjia haikai tena chini ya mkunjo wa vidole, inakuja mbele yake, na ngozi ya juu inamkata kila hatua. Kisigino kinapanda na kushuka, malengelenge yanatoka kabla hajafika Mandara, kituo cha kwanza. Ukiongeza soli za ndani unauinua mguu, kisigino kinatoka kwenye kikombe chake, na kifundo kinakuwa rahisi kuteguka. Akienda kushuka, mguu wote unateleza mbele na kucha zinagonga vile vile. Ukubwa uliozidi hauzuii kucha kugonga. Kinachozuia ni buti lenye nafasi mbele na lililokaza kisigino nyuma.

Kulipima ni hivi. Kwanza chomoa soli ya ndani, asimame juu yake kisigino kikiwa kimekaa nyuma kabisa: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole, milimita 12 hadi 15, na pembeni nyama ya mguu isimwagike nje ya soli. Irudishe, avae buti bila kufunga kamba, asukume mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole chako kimoja. Viwili vikiingia, ni kubwa. Mwisho afunge kamba sawasawa, asimame kwenye mteremko au ngazi akitazama chini, apige mguu chini kwa nguvu mara kadhaa. Vidole visiguse mbele. Akipanda ngazi, kisigino kisinyanyuke zaidi ya nusu sentimita hivi.

Soli_na_Uzi
Dada, mimi ni fundi viatu hapa Arusha, na maneno "mpya kabisa, soli haijalika" kwenye buti la mtumba ndiyo yananipa wasiwasi.

Mabuti mengi ya mlima yana soli ya katikati, ile tabaka laini kati ya ngozi na mpira wa chini, iliyotengenezwa kwa poliyurethani. Inabeba vizuri na haichoki upesi, lakini unyevu wa hewa unaivunja kidogo kidogo hata buti likiwa kabatini. Baada ya miaka mitano hadi kumi hivi inaanza kumong'onyoka. Buti ambalo mwenyewe alilivaa mara mbili akalitupa stoo kwa miaka ndilo linalokuja kwenye mtumba likiwa linang'aa. Mpira wa chini mzima, ngozi nzima, katikati ni unga. Anatembea saa chache, soli yote inabaki kwenye tope la msituni kabla ya Mandara.

Kulikagua: bonyeza tabaka hiyo kwa ukucha wa gumba, pembeni ya kisigino na chini ya upinde wa mguu. Nzima inarudi ilivyokuwa. Iliyochoka inabaki na alama, au inanata, au inatoa vumbi. Likunje buti kwa mikono miwili huku ukiangalia nyufa nyembamba. Angalia pia ndani ya ulimi, viwanda vingine huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mabuti mengine yana EVA, povu jingine jepesi, badala ya poliyurethani. Hiyo haimong'onyoki namna hii, ila inalalia na kuwa ngumu, na ukiangalia kwa nyuma utaona buti limeinama upande mmoja.

Usikubali kuambiwa "nitalipiga gundi". Gundi inashika sawasawa, ila inachokishika ni unga. Dawa ni kuitoa soli yote, kukwangua mpaka kwenye msingi, kuweka EVA mpya na mpira wenye meno, kisha kuliachia siku za kukauka na siku za kulitembelea kabla ya safari. Kazi hiyo inafanyika vizuri kabisa, lakini si ya wiki ya mwisho.

Kupanua: urefu haupanuki, hata milimita mbili usiahidiwe. Upana wa ngozi, pale penye mfupa wa gumba au kidole kidogo, naweza kuongeza milimita chache kwa kalibu na siku mbili tatu. Kitambaa cha sintetiki hakikubali, na penye ukingo wa mpira unaozunguka buti hapapanuki.

Kuhusu maji: weka karatasi ya chooni kavu ndani mpaka puani kwa buti, lisimamishe kwenye beseni la maji yanayofika chini kidogo ya pale ulimi unaposhonwa na buti, dakika 15. Karatasi ikilowa, utajua na mahali penyewe.

MamaG_Moshi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempima: kulia 29.6, kushoto 30.1. Buti la Memorial kibandiko kinasema US 13, UK 12, EU 47, CM 31. Kwa sentimita limekubali. Lakini nimebonyeza soli, alama ya ukucha imebaki, na karibu na kisigino kuna ufa mwembamba kama uzi.

Soli_na_Uzi
Liache dada. Ufa huo umeshaanza kazi. Labda ulipate kwa bei ya ngozi tupu na uwe na mwezi mzima wa kulibadilisha soli, hapo tunaweza kuzungumza.

Vifaa_Sakina
Dada G, wakodishaji wengi hawana 47 na 48 nyingi, kwa hiyo usiulize "mna buti kubwa?" Wape kipimo: sentimita 30.1, natafuta kibandiko cha 31. Peleka mapema kwa wa Moshi na wa Arusha, na mwambie mwalimu aipeleke kampuni inayowapandisha ikiwa pamoja na jina la mtoto. Likipatikana la kukodi, omba ulichukue kabla ya safari akalijaribu siku nzima, usisubiri asubuhi ya kuondoka. Na lenyewe likaguliwe soli kama fundi alivyosema, maana la kukodi nalo huzeeka.

Ukikosa buti zito usikate tamaa. Njia ya Marangu mpaka Horombo raba imara ya njia za milimani, yenye soli ya meno, inatosha. Buti ni la kutoka Horombo kwenda juu. Hii inakupa nafasi ya kukodi jozi moja nzuri na kuitunza ikiwa kavu mpaka usiku wa kileleni. Likilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti yakilowa. Lisisogezwe kwenye jiko, gundi inalainika.

Sasa urefu wake. Begi la kulalia la kawaida limekatwa kwa mtu wa mpaka sentimita 183 hivi. Yeye akiingia humo, miguu inakandamiza manyoya ya mwisho na mabega yanabaki nje, na penye kukandamizwa joto halikai. Omba refu, lile la mpaka sentimita 198 au 200. Hili watu hulisahau kabisa kwa watoto warefu, halafu mtoto anafika kituo cha Kibo, mita 4,700 na ushee, akiwa hajalala.

Fimbo: akisimama na buti, kiwiko kikunje pembe mraba. Kwake itakuwa karibu sentimita 130, na akishuka aongeze 5 hadi 10. Hakikisha fimbo inafika huko, kuna zinazoishia 120. Begi la mgongoni mkanda wake ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukikaa tumboni, mgongo wa begi ni mfupi kwake, atabeba kila kitu kwa mabega. Suruali ya mvua ijaribiwe akiwa amekunja goti kama anayepanda ngazi, isipande juu ya buti. Na akodi gaita, zile za kufunika kati ya buti na goti, maana akishuka kutoka Gilman's, kwenye ukingo wa kreta juu, changarawe inaingia kila mahali.

Mteremko_Mandara
Naongeza la kamba, kwa sababu buti zuri likifungwa vibaya linaharibu kucha vile vile. Kabla ya kufunga, apige kisigino chini mara mbili kikae nyuma. Akaze kuanzia vidoleni lakini pale mbele aache pumzi kidogo. Akifika kwenye mkunjo wa kifundo azungushe kamba mbili mara mbili, si mara moja, ndipo aende kwenye ndoano za juu. Mizunguko hiyo miwili inazuia kamba kulegea chini, na ndiyo inayoshikilia kisigino. Kupanda, ndoano ya juu kabisa ailegeze ili muundi ukunjike. Kushuka, asimame pale pale kileleni kabla ya kuanza, afungue na kukaza upya kifundo. Wengi wanasubiri mpaka vidole vimeanza kuuma.

Kucha azikate siku tatu nne kabla, kwa mstari ulionyooka, asichimbe pembeni.

Na aanze kulivaa sasa: saa moja tambarare, kisha saa mbili, kisha vilima akiwa na begi la kilo tano sita. Kwa Moshi njia ya Materuni inafaa sana kwa sababu ina kupanda na kushuka. Akirudi, vua soksi mwangalie: penye wekundu ndipo penye malengelenge ya baadaye. Hapo mbandike plasta ya kitambaa kabla ya safari inayofuata, na kama ni mfupa unasukuma ngozi, mpelekee fundi hapo juu akiwa bado na muda.