Bucha anakupimia nyama ukiona, kwa nini duka la spea za baiskeli hawana mizani??

Wasee nimekasirika hadi vidole vinatetemeka. Kuna duka moja hapa mjini, jina sitaji, wanauza spea za baiskeli za resi na mdomo mtamu sana. Niliwaendea ju nikipanda kutoka Mai Mahiu hadi Kamandura naachwa na kila mtu, nikasema nataka baiskeli iwe nyepesi. Jamaa akanyanyua baiskeli yangu na mkono mmoja akaguna, akasema hii tunatoa hendobari, tunatoa siti posti, tunakuwekea kaboni tupu, itashuka hadi kilo 6. KILO SITA! Fremu ya alumini ya mitumba! Hata zile za Tour de France haziruhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8, hiyo sheria ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, iko tangu 2000, lakini huyu wa kwetu anafika 6 kwa kubadilisha vyuma viwili.

Nikauliza nitajuaje ni kaboni kweli, akatoa sumaku, akaibandika kwa hendobari, ikaanguka, "unaona bosi, haishiki". Sasa si hata alumini haishiki sumaku!! Hiyo ndio tesiti yao. Nikaomba mizani ndio akaanza kuniangalia kama nimemtusi mamake, eti wateja wengine huwa wanaamini.

Basi iko hivi, hendobari yao kwa mizani ya jikoni ni gramu 345, ile yangu ya zamani ya alumini 290. Yaani nimelipa elfu 30 na kitu kwa M-Pesa ndio niongeze uzito. Kwaruza pale mwisho inapoingia kofia, chini ya ule urembo wa kaboni kuna alumini inang'aa, wamevalisha tu. Kurudisha hakuna, "bidhaa ikifungwa kwa baiskeli ni yako". Risiti imeandikwa "spea" basi, hakuna neno kaboni popote.

Na fundi wao sasa. Bolti ya hendobari imeandikwa 5 Nm pale pale, yaani mwisho wa nguvu ya kukaza, na kaboni ukikaza kupita kiasi inapasuka ndani hata usione, lakini yeye anakaza na funguo ya kawaida mpaka shingo inatoa mishipa. Hiyo ingekuwa kaboni ya ukweli ikatike ukishuka Mai Mahiu na lori ziko nyuma yako, nani atalipa hospitali?

Halafu wamebandika picha ya Chris Froome, yule bingwa wa baiskeli aliyekulia Kenya, ukutani kana kwamba yeye alitoka kwa hiyo duka. Froome alitoka kwa kocha wake Kinjah kule Kikuyu, Tour de France akashinda mara 4, hizo vitu zenu zinaingilia wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliuliza niko na tairi gani. Mimi na baiskeli tuko kilo 85 hivi, ukitoa kilo moja na nusu, tena ya ukweli, kwa mlima wa saa nzima unaokoa kama dakika moja, na kwa tambarare kama Southern Bypass hata husikii ju pale unapigana na upepo, si uzito. Lakini tairi za bei rahisi zile ngumu zinakula vati 10 na zaidi za nguvu ya miguu yako kila siku, mlima na tambarare. Tairi mbili nzuri na tyubu nyepesi zingenisaidia kuliko takataka yote waliyonifunga na pesa ingebaki. Hawakuniambia ju hapo faida yao ni kidogo.

Hendobari ya zamani nimeirudisha. Mwenye amewahi kurudishiwa pesa na hizi maduka aniambie alifanyaje, na kama unajua mahali wanauza tairi za 28 (upana wa milimita) orijino na wanakubali upime kabla ulipe weka hapo chini. Wale wa kuniambia "si ungeagiza tu nje" tafadhali pita.